Mapishi, Mtaji au Udugu? Jinsi Familia za Kiitaliano Zilivyoingia katika Biashara ya Chakula Marekani

Msomaji mmoja anayeishi Cleveland, Ohio, ameniandikia swali ambalo nimelisoma mara kadhaa kabla ya kulijibu. Anasema kwamba kila anapoingia dukani kununua mahitaji ya nyumbani anakutana na majina ya Kiitaliano kwenye makopo ya sosi, pakiti za tambi, chupa za mvinyo, hata kwenye mboga. Amesikia kwamba Waitaliano walifika Marekani wakiwa maskini, wengi wao hawajui kusoma, na anataka kufahamu ilikuwaje watu wa namna hiyo wakapata nafasi kubwa hivyo katika biashara ya chakula ya nchi iliyokuwa tayari na wafanyabiashara wake. Anauliza kama siri ilikuwa mapishi yao, mtaji waliokuja nao, au udugu, na mwishoni ameongeza swali la pili: je, familia hizo bado ndizo zinazomiliki majina hayo?

Ndugu msomaji, mtaji hawakuwa nao, na mapishi yalisaidia kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mengi kati ya yale yanayoitwa leo mapishi ya Kiitaliano nchini Marekani yalizaliwa huko huko Marekani. Udugu ndio ulio karibu zaidi na ukweli, lakini neno hilo likiachwa peke yake linapotosha, kwa kuwa kila kabila la wahamiaji lilikuwa na udugu wake. Kilichowatofautisha Waitaliano ni kwamba udugu wao ulitandazwa kwenye njia yote ya chakula, kuanzia shambani hadi mezani. Mkulima, mchukuzi, dalali wa sokoni, mwenye kiwanda, mwenye duka na mpishi walijuana kwa jina na kwa kijiji, na fedha ilipita katika mikono hiyo kabla haijafika kwa mtu wa nje.

Tuanze na jinsi walivyofika. Kati ya mwaka 1880 na 1924 Waitaliano wapatao milioni 4 waliingia Marekani, na walio wengi walitoka kusini mwa Italia na kisiwa cha Sisilia, ambako ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache na mkulima wa kawaida alilima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno au kwa ujira wa kutwa. Sehemu kubwa ya waliosafiri walikuwa vijana wa kiume ambao hawakukusudia kubaki. Walikuja kujenga reli, kuchimba mitaro ya maji na kupakua meli, waweke akiba kisha warudi kwao, na wengi kwa kweli walirudi. Kibarua kama huyo mara nyingi alifanya kazi chini ya mnyapara wa kabila lake, aliyeitwa padroni, ambaye alimtafutia kazi, akakata sehemu ya ujira wake, na katika kambi za reli akamuuzia chakula kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu simulizi za kusifu huliruka. Miongoni mwa biashara za mwanzo za chakula zilizoendeshwa na Waitaliano huko Marekani ni hizo za kambini, ambamo Mwitaliano alimnyonya Mwitaliano mwenzake aliyekuwa hana pengine pa kununua mkate.

Hata hivyo, kibarua yule yule alikuwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho kijijini kwake, yaani ujira wa fedha taslimu kila wiki. Kwao alikula mkate mgumu, maharage, mboga za majani na vitunguu. Nyama, jibini zuri na tambi za ngano safi vilikuwa vitu vya sikukuu, au vitu alivyoviona vikipelekwa nyumbani kwa bwana shamba. Alipofika Marekani, ambako nyama ilikuwa rahisi kuliko alivyoweza kuamini, alianza kula kila Jumapili kile ambacho kijijini kililiwa mara moja au mbili kwa mwaka. Hapo ndipo zilipozaliwa tambi zenye vipande vikubwa vya nyama ya kusaga iliyoviringwa, chakula ambacho mgeni akikiagiza huko Italia huenda akatazamwa kwa mshangao, kwa sababu huko nyama ya namna hiyo huliwa peke yake baada ya tambi kwisha. Wahudumu wa jamii wa Kimarekani waliowatembelea katika nyumba zao za kupanga walisikitishwa na vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na tambi, wakawashauri akina mama wapike kwa namna ya Kimarekani. Akina mama walisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kupika walivyotaka.

Ukaidi huo wa jikoni ulikuwa na maana kubwa ya kibiashara. Katika miji kama New York, Philadelphia, Chicago, New Orleans na San Francisco kulikuwa na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa tayari kutoa sehemu kubwa ya ujira wao kununua vyakula ambavyo mfanyabiashara wa Kimarekani hakujua hata majina yake, sembuse kujua kwamba mtu wa Napoli na mtu wa Palermo hawataki jibini la aina moja. Mtu pekee aliyeweza kulihudumia soko hilo ni yule aliyetoka ndani yake. Hakuhitaji mtaji mkubwa: mkokoteni wa matunda ulitosha, au chumba cha mbele cha nyumba kilichogeuzwa duka. Mara nyingi biashara ilianza hata kabla ya mkokoteni, pale mama wa nyumba alipowachukua vijana wa kijijini kwao kuwa wapangaji, akawapikia, akawafulia, na akaweka senti zao ndani ya kopo. Majina ya wanawake hao hayakuandikwa kwenye nembo yoyote, lakini naamini senti walizoziweka zilinunua mizani na rafu za duka nyingi za kwanza.

Duka la mtaani liliendeshwa kwa daftari la madeni. Mwenye duka alijua nani ameachishwa kazi, nani yuko kwenye mgomo, na nani mkewe amejifungua juzi, akakopesha kwa kuzingatia hayo, kwa kuwa mdeni akitoroka aibu ingefika hadi kijijini alikozaliwa. Kando ya duka palikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo kila kijiji kikubwa cha Italia kilikuwa na chake katika mji wa Marekani, na mwenye duka mara nyingi ndiye aliyekuwa mweka hazina. Benki za Kimarekani hazikuwataka watu hao, na mazingira yenyewe yalikuwa ya chuki: tarehe 14 Machi 1891 umati wa watu uliingia gerezani mjini New Orleans na kuwaua Waitaliano 11, baadhi yao wakiwa tayari wameachiwa na mahakama katika kesi ya kuuawa kwa mkuu wa polisi. Watu waliotendewa hivyo hawakuwa na sababu ya kupeleka akiba yao kwa mgeni, na mgeni naye hakuwa na nia ya kuwakopesha.

Hapa anaingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, anastahili kutajwa mbele ya wapishi wote, ingawa yeye hakuuza sahani hata moja ya tambi. Amadeo Peter Giannini alizaliwa San Jose, California, mwaka 1870, mtoto wa wahamiaji kutoka Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia. Baba yake aliuawa na kibarua katika ugomvi wa fedha kidogo sana, Amadeo akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake akaolewa tena na Lorenzo Scatena, mchukuzi wa mazao ambaye baadaye alikuwa dalali wa matunda na mboga katika soko la jumla la San Francisco. Kijana aliacha shule akaingia katika biashara ya baba wa kambo, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani kufanya makubaliano na wakulima kabla mavuno hayajaiva. Katika mizunguko hiyo alijifunza jambo ambalo mabenki makubwa hayakujishughulisha kulijua, yaani ni mkulima gani hutimiza ahadi, nani anahitaji fedha kidogo tu za mbegu na vibarua, na mwezi gani wa mwaka mkulima hodari huonekana kama mdeni mbaya kwa sababu tu bado hajavuna.

Tarehe 17 Oktoba 1904 Giannini alifungua benki katika mtaa wa North Beach, ambao ulijaa Waitaliano, akaiita Bank of Italy, na hisa zake akazisambaza kwa wauza samaki, wauza mboga, waoka mikate na mafundi badala ya kuziacha kwa matajiri wachache. Miezi 18 baadaye, tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la ardhi na moto viliuteketeza mji. Giannini alichukua fedha na dhahabu ya benki, zipatazo dola 80,000, akazipakia kwenye magari ya farasi ya kampuni ya Scatena, akazifunika kwa makasha ya machungwa ili wezi wasizitambue, na akazipeleka nyumbani kwake nje ya mji. Benki nyingine zilipokuwa zikisubiri milango ya chuma ya hazina zao ipoe, kwa kuwa kuifungua ikiwa bado na moto kungeziunguza noti zilizomo, yeye aliweka ubao juu ya mapipa gatini na kuanza kukopesha watu wanaojenga upya, akitazama uso na mikono ya mkopaji kuliko karatasi zake. Benki hiyo ilibadilishwa jina kuwa Bank of America mwaka 1930, na kufikia mwaka 1945 ilikuwa kubwa kuliko zote duniani. Nimekaa hapa kwa sababu jibu la swali lako limejificha humo: maarifa ya soko la mboga yaligeuka kuwa maarifa ya kukopesha, na mikopo ikarudi tena kwenye mashamba, viwanda na mizabibu ya California.

Katika mashamba hayo Waitaliano walikuwapo tangu zamani. Domenico Ghirardelli, mzaliwa wa Rapallo, alifika California mwaka 1849 wakati wa mbio za dhahabu, akaona kwamba kuwauzia wachimbaji ni salama kuliko kuchimba, na mwaka 1852 akaanzisha kampuni iliyokuja kuwa maarufu kwa chokoleti. Marco Fontana, naye kutoka Liguria, alikuwa miongoni mwa viongozi wa muungano wa wasindikaji wa matunda ulioundwa mwaka 1899, ambao mwaka 1916 uliingia katika kampuni kubwa zaidi na kuuza makopo yake kwa jina la Del Monte. Jina hilo lenyewe halikuwa la familia yoyote. Lilitokana na hoteli iliyokuwa Monterey. Si kila jina lenye mlio wa Kiitaliano dukani lina babu wa Kiitaliano nyuma yake, na baadhi ya kazi kubwa za Waitaliano zilifichwa nyuma ya majina ya Kiingereza.

Mfano wa karanga unalionyesha hilo. Amedeo Obici alizaliwa Oderzo, katika jimbo la Veneto, mwaka 1877, akasafiri peke yake hadi Pennsylvania mwaka 1889 kumfuata mjomba wake. Alifanya kazi za hapa na pale, akauza matunda, kisha akanunua mashine ya kukaangia karanga na kuanza kuuza karanga za moto mtaani huko Wilkes-Barre. Mwaka 1906 yeye na Mwitaliano mwenzake, Mario Peruzzi, walianzisha Planters, jina ambalo halina chembe ya Kiitaliano na ambalo lilimfanya mnunuzi afikirie wakulima wakubwa wa kusini mwa Marekani. Obici aliona mapema kwamba karanga zinazouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye gunia haziwezi kumletea mteja wa kudumu, kwa hiyo akazifunga katika pakiti ndogo zenye jina, na ndani ya kila pakiti akaweka herufi moja ya jina lake. Aliyekusanya herufi zote za Obici alipata zawadi. Mwaka 1913 alijenga kiwanda Suffolk, Virginia, karibu na wakulima wa karanga, ili anunue bila kupitia kwa dalali. Mwaka 1916 kampuni iliendesha shindano la kuchora nembo, na mshindi alikuwa mvulana wa shule aliyeitwa Antonio Gentile, aliyechora karanga yenye mikono na miguu. Mchoraji mwingine akaiongezea kofia ndefu na miwani ya jicho moja. Kijana wa Kiitaliano, akimchorea mfanyabiashara wa Kiitaliano, ndiye aliyebuni mojawapo ya nembo zinazojulikana zaidi katika historia ya biashara ya Marekani, na wanunuzi walio wengi hawakuwahi kujua.

Kwa upande wa mboga, ndugu wawili wa ukoo wa D'Arrigo, kutoka eneo la Messina huko Sisilia, walianzisha biashara yao Boston, kisha mmoja wao akaenda California katikati ya miaka ya 1920 na kupanda brokoli kwa mbegu kutoka Italia. Waliikata, wakaipakia kwenye mabehewa yenye barafu, wakaivusha bara zima hadi kwa ndugu aliyebaki Boston, ambako Waitaliano waliipokea kwanza na Wamarekani wengine wakafuata. Jambo lililowatofautisha na wakulima wengine ni kwamba walitia chapa kwenye mboga mbichi, katika zama ambazo mboga ilikuwa mboga tu: waliiita Andy Boy na kuweka picha ya mtoto mdogo wa familia hiyo. Mtu anaweza kuuona huo kuwa urembo tu. Mimi nauona kuwa mpango wenyewe, kwa maana ndugu wa shambani aliweka jina la mtoto wake rehani kwamba ndugu wa sokoni hatapokea mboga iliyooza.

Marufuku ya pombe, iliyodumu kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, ingetarajiwa kuwaua wakulima wa zabibu. Badala yake, sheria iliacha mwanya wa mwenye nyumba kutengeneza kiasi fulani cha maji ya zabibu kwa matumizi ya nyumbani, nayo yangeweza kuachwa yachache yakawa mvinyo, na kila vuli mabehewa ya zabibu mbichi yalitoka California kwenda miji ya mashariki, ambako familia za Kiitaliano ziliyasubiri kwenye vituo vya reli. Cesare Mondavi, mhamiaji kutoka mkoa wa Marche aliyekuwa akiishi Minnesota, alihamia Lodi, California, katika miaka hiyo ili kuwatumia wenzake zabibu. Ndugu Ernest na Julio Gallo walianza kutengeneza mvinyo huko Modesto mwaka 1933, mara marufuku ilipoondolewa. Hapa tena mnyororo ulikuwa umekwisha kutandazwa kabla ya biashara kubwa kuruhusiwa.

Tambi zina habari yake, nami nitaipita haraka. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Waitaliano wa Marekani walipendelea tambi zilizoletwa kwa meli kutoka Napoli na Sisilia. Vita ilipoukata usafiri huo, viwanda vya huko Marekani vilipata nafasi, kikiwamo cha Emanuele Ronzoni aliyeanzisha kampuni yake New York mwaka 1915, na malighafi ilikuwapo kwa sababu Mark Carleton, mtaalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani, alikuwa ameleta mbegu za ngano ngumu ya durumu kutoka Urusi mwishoni mwa karne ya 19, na ngano hiyo ikastawi vizuri huko North Dakota. Mwaka 1924 sheria mpya ya uhamiaji ilipunguza nafasi za Waitaliano hadi chini ya 4,000 kwa mwaka. Soko la wageni wapya likakauka, na mwenye duka au kiwanda akalazimika kumtafuta mteja ambaye hakuzaliwa na tambi mdomoni.

Sasa nifike mjini kwako, Cleveland. Ettore Boiardi alizaliwa Piacenza mwaka 1897 na kufika Marekani mwaka 1914, akapika katika hoteli kubwa za New York ambako kaka yake alikuwa ametangulia kufanya kazi, kisha akafungua mkahawa wake huko Cleveland katikati ya miaka ya 1920. Wateja waliipenda sosi yake kiasi cha kuomba waende nayo nyumbani, naye akawajazia kwenye chupa za maziwa pamoja na tambi kavu na jibini. Wateja wawili, mume na mke waliokuwa na maduka ya vyakula, walimsaidia kupanga namna ya kuzalisha kwa wingi, na mwaka 1928 yeye na kaka zake walianzisha kampuni. Kwa kuwa Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake, aliliandika jinsi linavyosikika, Boy-Ar-Dee. Mwaka 1938 alihamishia uzalishaji Milton, Pennsylvania, ambako aliwashawishi wakulima walime nyanya kwa ajili yake, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana kulisha majeshi. Wako wapishi wanaomdharau kwa kuweka tambi laini kwenye kopo. Mimi simdharau, kwa sababu alikuwa mpishi wa kweli aliyefunzwa kazi yake, na wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi aliziwezesha familia zisizo na fedha ya mkahawa kupata mlo wa moto kwa bei waliyoimudu, jambo ambalo lilimsaidia Mmarekani wa kawaida kuacha kukiogopa chakula cha Mwitaliano.

Wanawake, niliosema kwamba majina yao hayakuandikwa, walijitokeza zaidi katika kizazi hicho na kilichofuata. Huko Rochester, New York, Assunta Cantisano na mumewe Giovanni walianza mwaka 1937 kuuza sosi iliyopikwa nyumbani kwao, na hiyo ndiyo ikawa chapa ya sosi iitwayo Ragù. Rose Totino, binti wa wahamiaji aliyeacha shule na kufanya kazi za usafi majumbani, alifungua na mumewe duka la piza huko Minneapolis mwaka 1951. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kuomba mkopo alibeba piza aliyoioka, kwa sababu maofisa wa benki hawakuwa wamewahi kuiona. Baadaye walianza kuuza piza zilizogandishwa, na kampuni ya vyakula ya Pillsbury ilipoinunua biashara yao mwaka 1975 kwa takriban dola milioni 20, ilimfanya kuwa makamu wa rais, mwanamke wa kwanza kupata cheo hicho katika kampuni hiyo.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye mafanikio. Udugu ulioleta mkopo bila riba ulileta pia kazi bila mshahara, kwa maana mke na watoto hawakulipwa. Mpiga picha Lewis Hine aliacha picha za mwanzo wa karne ya 20 zinazowaonyesha watoto wadogo wa Kiitaliano wakibangua njugu kwenye meza za jikoni huko New York na wakichuma matunda mashambani huko New Jersey. Na familia iliyokuwa imenyonywa haikukosa kunyonya ilipopata nguvu. Giuseppe Di Giorgio aliondoka Cefalù, Sisilia, akiwa kijana, akauza ndimu, akaanzisha soko la mnada wa matunda huko Baltimore mwaka 1904, kisha akanunua maelfu ya ekari katika wilaya ya Kern, California, akawa miongoni mwa wakulima wakubwa wa matunda duniani. Mwaka 1947 vibarua wa shamba lake la Arvin waligoma wakidai kutambuliwa kwa chama chao. Mgomo ulidumu hadi mwaka 1950 bila kufanikiwa. Ilichukua hadi mwaka 1966, Di Giorgio mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, ndipo wafanyakazi wa kampuni hiyo walipopiga kura na kukichagua chama kilichoongozwa na Cesar Chavez.

Vita Kuu ya Pili nayo ilionyesha jinsi heshima ya mhamiaji ilivyo nyepesi. Waitaliano wapatao 600,000 ambao hawakuwa na uraia walitangazwa kuwa raia wa adui, na wavuvi wa pwani ya California, waliolisha masoko ya San Francisco na Monterey kwa vizazi viwili, walizuiwa kufika gatini. Miongoni mwao alikuwa baba wa Joe DiMaggio, mchezaji besiboli aliyeshangiliwa nchi nzima. Amri hiyo iliondolewa Oktoba 1942, wakati tambi za Boiardi zikiwa tayari kwenye mikoba ya askari.

Katika swali lako la pili, majina mengi unayoyaona hayamo tena mikononi mwa familia. Boiardi aliuza kampuni mwaka 1946 kwa takriban dola milioni 6, akabaki kuwa uso wake kwenye kopo na katika matangazo hadi uzeeni. Sosi ya familia ya Cantisano iliuzwa mwaka 1969. Sababu ya mara kwa mara ni ile ile iliyokuwa nguvu yao: biashara inayosimama juu ya udugu hutikisika ndugu wanapotofautiana. Wana wa Cesare Mondavi, Robert na Peter, waligombana mwaka 1965 juu ya uendeshaji wa kampuni ya mvinyo ya familia. Robert akaondolewa, akaanzisha yake mwaka uliofuata, na hiyo nayo ikauzwa mwaka 2004 kwa zaidi ya dola bilioni moja baada ya kugeuzwa kampuni ya hisa. Ernest na Julio Gallo walimshtaki mdogo wao Joseph kwa kuuza jibini akitumia jina la ukoo waliozaliwa wote watatu, na mahakama ikawapa ushindi.

Hata hivyo kampuni ya Gallo bado ni mali ya familia, na ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mvinyo duniani. Familia ya D'Arrigo bado inalima California. Na makopo ya Boiardi, ingawa wenye mali wamebadilika zaidi ya mara moja, yaliendelea kutengenezwa Milton miongo mingi baada ya yeye kuuza, katika mji mdogo ambao mpishi wa Piacenza aliuchagua kwa sababu udongo wake uliweza kuotesha nyanya. Ukilishika kopo lake dukani, mzee mwenye kofia nyeupe unayemwona kwenye karatasi ni mtu aliyeishi kweli, na sosi ile ilianza kumiminwa kwenye chupa za maziwa katika mji huo unaoishi wewe.